Spana ya Inchi

Mwaka jana nilibadili pedi za breki za Noah yangu mwenyewe, uani kwetu Mbulu. Nilitaka kuokoa hela ya fundi na, kusema kweli, nilitaka Baba anione. Yeye alihudumia Landrova yake miaka na miaka, na sisi watoto tuliamini hajawahi kumlipa fundi hata shilingi. Alinipa spana yake ya zamani, akakaa kwenye kigoda, kimya.

Spana ile ilitoka Basotu, wilayani Hanang. Baba alijifunza ufundi huko, kwenye gereji ya shamba la ngano. Mashamba hayo ya NAFCO yalianzishwa kwa msaada wa Kanada kuanzia miaka ya 1970, yakafika saba, jumla karibu ekari 100,000. Mashine zilitoka ng'ambo, na vijana wa huku wakafundishwa kuzifungua na kuzifunga. Nyumbani kwetu hadithi iliishia hapo. Ukubwani ndipo niliposoma kwamba ardhi ile ilikuwa malisho bora ya Wabarbaig, na kwamba matrekta yalilima hata juu ya bung'eda, makaburi ya wazee wao. Kijiji cha Mulbadaw kilishtaki, kikashinda Mahakama Kuu, kisha Mahakama ya Rufani ikautengua sehemu kubwa ya ushindi huo.

Nilimuuliza Baba kama aliyaona makaburi yale. Akajibu kwamba yeye alikuwa wa gereji, si wa shambani.

Kuhusu Landrova alikuwa mwepesi zaidi wa kusema. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na bei ya mafuta kupanda, nchi iliishiwa fedha za kigeni. Ungeweza kuwa na hela mfukoni na fundi hodari jirani, bado gari likalala juu ya mawe, maana fundi naye hana spea. Kwa hiyo Baba alichonga, akafunga waya, akarudishia raba za breki zilizokwisha. Mimi niliita hali hiyo kujitegemea. Yeye anaiita shida. Bajeti ya 1984 iliporuhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni bila kuulizwa wamezipata wapi, spea zikaanza kuonekana tena.

"Nilipopata raba mpya," aliniambia siku ile uani, "nilimpelekea fundi azifunge."

"Ukamlipa?"

"Kwa nini nisimlipe? Mlima Magara siyo wa kujaribia."

Nikaendelea na kazi, nimenuna kidogo. Spana yenyewe ni ya inchi na nati za Noah ni za milimita. Ilikuwa ikicheza, ikakwangua pembe za nati moja. Pistoni ilipogoma kurudi, nililegeza nati ya kutolea upepo, nikaikaza baadaye, nikajiona nimemaliza.

Baba aliinuka, akaingia ndani ya gari, akakanyaga breki. Pedali ikashuka mpaka chini. Akakanyaga tena na tena, haikupanda.

"Umeingiza upepo," alisema. "Mpigie fundi, mwanangu."

Nikampigia. Baba akaichukua spana yake, akaifuta kwa kitambaa, akaenda nayo ndani.