Nani Anaandika Maneno Chini ya Picha Yako?

Wiki jana shangazi alituma picha ya ruracio kwenye grupu ya familia. Chini akaandika kila mtu ni nani: wakili, nesi, mwalimu. Halafu mimi: "yule aliacha chuo". Hata jina sikupewa. Nilituma emoji ya kucheka kama wengine, lakini usiku usingizi ulikataa. Ndio nikakumbuka jamaa mmoja anaitwa Cy Grant. Leo wacha niwape story yake.

Cy alizaliwa 1919 huko Amerika Kusini, katika nchi ambayo siku hizi ni Guyana. Wakati huo ilikuwa koloni ya Mwingereza, kama sisi tu. Kabla ya Vita Kuu ya Pili, jeshi la anga la Uingereza, RAF, halikutaka maafisa weusi. Vita vikaanza, watu wakahitajika, mlango ukafunguliwa. Ubaguzi haukuwa umeisha, ni vile tu shida ilikuwa imebisha hodi. Cy akaingia 1941 na baadaye akafunzwa kuwa navigeta, yule anayeelekeza ndege njia.

Usidhani hiyo ni kazi ya kukaa ukiangalia mawingu. Ni usiku, taa za miji yote huko chini zimezimwa. Wewe uko na ramani, penseli na saa, na watu wengine sita wanategemea hesabu zako. Ukikosea kidogo, mnajipata juu ya mizinga ya adui au mafuta yanawaishia baharini.

Alikuwa kikosi cha 103, kwenye ndege ya mabomu inaitwa Lancaster. Kati ya watu kama 125,000 waliopanda ndege za mabomu za Uingereza, 55,573 walikufa. Wewe na beshte yako mkiingia pamoja, kurudi nyumbani ni karibu kama kurusha sarafu. Na tusijifanye, mabomu waliyobeba yaliangukia miji yenye watu pia. Vita havina upande usio na makaburi.

Juni 1943, safari yake ya tatu tu, walikuwa wanarudi kutoka Gelsenkirchen, Ujerumani, ndege yao ikapigwa juu ya Uholanzi. Wenzake wawili walikufa. Cy aliruka na parachuti, akakamatwa.

Sasa sikiza hii. Wajerumani walimpiga picha, na gazeti la Wanazi likaichapisha. Chini yake waliandika kwamba huyu ni mtu wa RAF ambaye asili yake haieleweki. Basi. Afisa mzima, navigeta, mtoto wa mtu, amegeuzwa kituko cha kuonyeshwa wasomaji.

Alikaa mfungwa miaka miwili. Kambi yake ilikuwa Stalag Luft III, ile ambayo Machi 1944 wafungwa 76 walitoroka kupitia handaki, na 50 kati yao wakauawa kwa amri ya Hitler. Cy hakuwa kati ya waliotoroka. Alingoja hadi vita vikaisha 1945.

Akarudi London, akasoma sheria, na 1950 akafuzu kuwa wakili. Hapa vijana wa Kenya mtamwelewa vizuri: cheti iko, kazi haiko. Nchi aliyoipigania haikumfungulia ofisi. Msinielewe vibaya, sisemi shule ni bure. Yeye alisoma hadi mwisho. Nasema karatasi haiwezi kumlazimisha mtu akuone.

Akaingia kwa uigizaji na muziki. Mwaka 1957 BBC ilianzisha kipindi cha jioni kinaitwa Tonight, na Cy akawa anaimba habari za siku kwa mtindo wa kalipso, gita mkononi. Ndiyo, content kabla ya content. Akawa mmoja wa watu weusi wa kwanza kuonekana mara kwa mara kwenye TV ya Uingereza. Lakini baada ya miaka michache akaacha kipindi, jina likiwa bado moto. Hakutaka abaki kuwa "yule wa kalipso" maisha yake yote. Baadaye alisaidia kuanzisha Drum, kituo cha sanaa cha watu weusi huko London.

Halafu mzee akafanya kitu kilichonimaliza. Alipoandika kitabu kuhusu vita vyake, aliichukua kapsheni ile ile ya Wanazi akaifanya jina la kitabu. Na 2006, akiwa na miaka zaidi ya 80, alisaidia kufungua tovuti ya kukusanya majina ya watu wa Karibiani waliorusha ndege za RAF, ili wasibaki kuwa "asili haieleweki". Alifariki Februari 2010, akiwa na miaka 90.

Manze, mzee wa miaka 80 na kitu alijua kutumia intaneti vizuri kuliko sisi wa kupost chakula.

Siku nyingine ukipita Kenyatta Avenue, simama ucheki zile sanamu za askari Waafrika. Watu watatu wa shaba. Utaona bunduki, utaona mzigo. Jina la hata mmoja wao huoni. Na huko kwenu labda kuna guka au babu aliyepelekwa Burma, na kitu pekee mnachojua ni kwamba "alienda vita".

Kwa hivyo piga simu nyumbani leo. Uliza aliitwa nani kamili, alienda wapi, alirudi akafanya nini. Andika, hata kama ni kwenye simu tu.

Mimi nilirudi kwenye grupu, nikamjibu shangazi kwa heshima: "Shosh alinipa jina, si uliweke hapo?" Bado hajajibu. Lakini picha iko, na chini yake sasa kuna jina langu, nimeliandika mwenyewe.