Kwa nini waya "hasi" wa spika haupaswi kugusa bodi ya gari

Mjomba wangu ana Starlet ya zamani, kagari kadogo ambako kamebeba nusu ya ukoo wetu. Mwaka jana spika za milangoni zilikufa. Karatasi zilichanika, na mtangazaji wa taarifa ya habari akawa anasikika kama yumo ndani ya debe. Tukanunua spika mpya na redio mpya. Mzee, ambaye enzi zake aliwahi kufunga redio za magari, akakataa habari ya kwenda kwa fundi. "Mjomba," akaniambia, "hasi yote ni bodi. Spika moja waya mmoja, huo mwingine ni kupoteza hela."

Tulifanya kazi Jumamosi nzima. Redio ikawaka, taa zake zikapendeza, ikakoroma kidogo, kisha kimya. Ikafuata harufu ya kuungua. Mzee alibaki kwenye kiti cha dereva bila kusema neno.

Ukisikia hivyo utadhani mzee hajui kazi. Hapana. Alichosema kilikuwa sahihi kabisa kwa redio nyingi za zamani. Kilichobadilika ni redio yenyewe, na hebu tuone ilibadilikaje.

Mwaka 1930 ndugu wawili wa Chicago, Paul na Joseph Galvin, walifunga redio kwenye gari. Paul akaendesha hadi Atlantic City, kulikokuwa na mkutano wa watengenezaji wa redio, akaegesha nje na kuwasikilizisha watu. Redio hiyo wakaiita Motorola, jina ambalo baadaye likawa la kampuni nzima.

Redio za wakati huo zilitumia valvu, na valvu zinataka volteji kubwa, zaidi ya volti 100. Betri ya gari ilikuwa na volti 6 tu! Mwanzoni watu walibeba betri za ziada chini ya sakafu ya gari. Baadaye kikaja kifaa kilichokatakata umeme wa betri kwa kasi, ili transfoma iweze kuupandisha. Transfoma nyingine ikaushusha tena kabla haujafika kwenye spika. Upande mmoja wa transfoma hiyo ungeweza kufungwa kwenye bodi bila madhara yoyote. Basi waya mmoja uliingia kwenye spika, na umeme ukarudi kupitia chuma cha gari. Hapo ndipo ilipozaliwa elimu ya mjomba.

Mwaka 1955 Chrysler na Philco wakatangaza redio ya gari yenye transista tupu. Transista haihitaji volti mia na zaidi, inaridhika na betri. Miaka hiyohiyo magari ya Marekani yalikuwa yakihama kutoka volti 6 kwenda 12. Kadiri miaka ilivyokwenda, transfoma ya spika nayo ikaondolewa, na spika ikaunganishwa karibu moja kwa moja na transista.

Sasa chukua kalamu. Gari likiwa linaunguruma, umeme wake ni kama volti 14. Spika inataka umeme unaokwenda na kurudi, ili karatasi yake isukumwe mbele na nyuma. Kwa hiyo transista inaanzia katikati, kwenye volti 7, na inaweza kupanda 7 au kushuka 7, basi. Wati za wimbi laini unazipata hivi: volti za kilele zidisha kwa zenyewe, kisha gawanya kwa ukinzani mara mbili. Spika ya omu 8, kama nyingi za nyumbani, inapata 49 gawanya kwa 16, yaani wati 3. Ya omu 4 inapata wati 6. Hiyo ndiyo sababu spika za gari kwa kawaida ni za omu 4: volti zikigoma kuongezeka, unapunguza ukinzani.

Lakini wati 6 kwenye gari linalopiga kelele ni kidogo. Wahandisi wakaja na mbinu ya kutumia amplifaya mbili kwa spika moja, moja kila upande. Huyu akisukuma, yule anavuta. Kilele kinakuwa volti 14 badala ya 7, na wati zinapanda mara nne: 196 gawanya kwa 8, karibu 25. Kuanzia miaka ya 1980 mbinu hii ikaenea kupitia chipu ndogo za bei nafuu, na leo ndiyo iliyomo kwenye redio nyingi za magari.

Umeshaona tatizo liko wapi? Katika mpangilio huu waya "hasi" hauko kwenye sifuri. Nao umeunganishwa na amplifaya, na umekaa kwenye volti 7. Ukiugusisha na bodi, umepiga shoti. Chipu yenye kinga itajizima. Isiyo na kinga, harufu tunaijua.

Hesabu hiyohiyo inafichua maandishi ya kwenye boksi, "50W x 4". Wati 50 zinapatikana pale tu sauti inapokatwakatwa hadi wimbi linakuwa la mraba: 196 gawanya kwa 4 ni 49. Muziki safi ni karibu nusu ya hapo. Na ukiunganisha spika mbili za omu 4 sambamba kwenye njia moja, redio inaona omu 2 na mkondo unajaribu kuwa mara mbili. Usifanye hivyo mpaka usome kitabu cha redio yako.

Tulijichanga tena tukanunua redio nyingine. Safari hii kila spika ilipata waya zake mbili hadi mlangoni. Kabla ya kufunga dashibodi nilimpa mzee mita. Akaweka ncha moja kwenye bodi, nyingine kwenye ule waya wenye mstari mweusi. Injini ilikuwa imezimwa, mita ikasoma volti 6 na kidogo.

Akaitazama kwa muda. "Kumbe siyo hasi," akasema, akaomba utepe, akaufunga mwenyewe.