Maharage ya Bweni

Wazee wa Uzaramo hawakulelewa kwa maharage. Mboga yao ya mikunde ilikuwa kunde, mbaazi na choroko, mazao yanayostahimili joto la Kisarawe na Kibaha. Kunde ni za asili ya Afrika; mbaazi na choroko asili yake ni Bara Hindi. Maharage asili yake ni Amerika, nayo yalifika huku baada ya Wareno kuingia Bahari ya Hindi. Yalipofika yalipenda nchi za baridi kama Lushoto, Arusha na Mbeya. Hata leo maharage tunayokula Kibaha mengi huja kwa malori kutoka mbali.

Naamini bweni ndilo lililoyazoesha kwetu. Minaki, wilayani Kisarawe, ilipokea chuo kilichohamia kutoka Kiungani, Unguja, mwaka 1925. Kibaha nayo ilipata kituo cha elimu, afya na kilimo mwaka 1963 kwa msaada wa nchi za Nordiki, kikakabidhiwa kwa Serikali yetu mwaka 1970. Katika shule za namna hiyo walikutana vijana wa kila mkoa, na mboga iliyoweza kukaa ghalani muhula mzima bila kuoza ilikuwa maharage. Mtoto wa pwani akajifunza kula alichokula mwenzake wa milimani. Umoja wa taifa tuliuhubiri darasani, lakini kwa maoni yangu sehemu yake kubwa ilipikwa jikoni.

Hata hivyo sufuria la bweni lilikuwa na gharama yake. Maharage yaliyokaa muda mrefu mahali penye joto na unyevu huwa sugu, hayaivi upesi. Katika chuo cha ualimu nilichokiongoza, wapishi waliyatia magadi ili yalainike. Yalilainika kweli, ila magadi huharibu vitamini B1, ambayo ni faida mojawapo ya maharage. Kuni nazo ziliteketea. Anayetaka kujua uzito wa jambo hilo aitazame misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, jinsi ilivyoliwa na shoka la kuni na mkaa.

Mwaka 1975 taifa liliendesha kampeni ya Chakula ni Uhai. Wanachuo wetu walijiandaa kuwafundisha wanavijiji lishe bora, kisha wakarudi bwenini kula maharage ya magadi. Mwalimu anayefundisha asichokitenda hufundisha mambo mawili, na wanafunzi hukumbuka lile la pili.

Aliyetuokoa ni mpishi wetu, mama wa Kizaramo. Aliniambia, "Mwalimu, kunde zetu tunazilaza majini. Haya maharage yenu kwa nini hayalazwi?" Tangu siku hiyo yalichambuliwa alasiri, mawe na yaliyotobolewa na wadudu yakatupwa, yakaoshwa na kulowekwa usiku kucha katika maji mengi. Asubuhi maji yale yalimwagwa. Rundo la kuni likaanza kudumu, na manung'uniko ya tumbo kujaa gesi yakapungua.

Ndugu msomaji, utaratibu huo unafaa hata kwa sufuria dogo la nyumbani. Baada ya kuloweka, tia maji mapya na uyachemshe kwa moto mkali angalau dakika 10 kabla ya kupunguza moto, kwani maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu ambayo moto hafifu hauiondoi. Nyanya na ndimu zingoje mpaka yaive; ukali wake huyafanya yachelewe kulainika. Yale kwa ugali au uyapike makande, maana kilichopungua katika protini ya mahindi hujazwa na maharage, na ya maharage hujazwa na mahindi. Chungwa baada ya mlo husaidia mwili kupokea madini ya chuma. Chai ingoje kidogo, kwa kuwa huyazuia.

Baadhi ya wanachuo wale walipelekwa shule za vijijini, na najua waliouchukua utaratibu huo pamoja na vyeti vyao. Mama yule hakuwa na cheti. Kwa hesabu yangu, alikuwa mmoja wa wakufunzi wetu.