Bao letu lina mafundi, halina daftari

Kule Sweden, Finland na Norway kuna mchezo uitwao hoki ya mezani. Ni ubao wenye vijisanamu sita kila upande, kipa akiwa mmoja wao, na mchezaji huvisukuma na kuvizungusha kwa fito za chuma. Mgeni akiuona atasema ni wa watoto. Wenyewe wana mashindano ya dunia tangu 1989 na shirikisho la kimataifa tangu 2005. Mechi ni dakika tano, kanuni ni moja, na matokeo huingia katika orodha ya ubora ya dunia.

Nauliza: bao letu limekosa nini?

Akili halikukosa. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 katika mistari minne, na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni, sita kati ya hizo zikiwa ndani ya nyumba, na 22 mkononi. Hatua ya kwanza ni namua: kila zamu unatia kete moja. Zikimalizika za mkononi, mnaingia mtaji. Kete ulizokula hazitoki nje. Unazisambaza upande wako kuanzia kichwani, na zikiangukia pazuri unakula tena. Zamu moja yaweza kuzunguka ubao mara kadhaa kabla ya kulala, na fundi huuona mwisho wake kabla hajagusa kete. Mstari wa mbele ukikauka, umefungwa.

Wala halikukosa heshima. Muyaka bin Haji, mshairi wetu wa Mombasa aliyefariki mwaka 1840, alilitungia bao shairi. Mholanzi Alex de Voogt aliwafuata mafundi wa Zanzibar kuchunguza namna wanavyofikiri, na utafiti huo ukampa shahada ya udaktari huko Leiden mwaka 1995. Lamu nao huliingiza bao katika tamasha lao la utamaduni, sambamba na mbio za punda na mashua.

Kilichokosekana, kwa maoni yangu, ni daftari. Katika baraza za Mji wa Kale, sifa za fundi hukaa vinywani mwa waliomwona akicheza. Akizikwa, huzikwa na mitaji yake yote. Kijana wa Kibokoni hana pa kusoma nani alimfunga nani, wala kwa njia gani. Ana simu, na simu humwonyesha alama zake kila siku. Tusimlaumu akiifuata.

Wako watakaosema mashindano yataua utani, na bao bila maneno si bao. Nawaelewa. Lakini daftari halimzuii mtu kumtania mwenzake. Linazuia tu ushindi wake kusahauliwa.

Hatuhitaji shirikisho kesho. Baraza moja ikubaliane kanuni za nyumba na za kulala, maana ndizo zinazozua ugomvi. Iandike tarehe, majina na matokeo. Baraza ya pili ifanye vivyo hivyo, kisha zikutane. Na fundi mmoja akubali kueleza mtaji wake taratibu, kete kwa kete, kijana akiandika.

Hoki ya mezani haikupewa hadhi na ubao wake. Ilipewa na watu waliokubali kuhesabu.