Rashi: kitenzi cha mbio kilichogeuka mahali

Ukiulizia kijana fulani mtaani Ngokolo, mjini Shinyanga, unaweza kujibiwa kwa maneno mawili tu: "Yuko rashi." Hakuna atakayedhani kuwa kijana huyo ana haraka. Maana yake ni kwamba yuko palipoibuka dhahabu hivi karibuni, penye maduara (mashimo ya kuchimbia) mapya, makarasha ya kusagia mawe, mama lishe na vibanda vya turubai. Neno lenyewe ni rush la Kiingereza, kitenzi cha kwenda kwa kasi. (Halina undugu na marashi, ambayo asili yake ni Kiarabu na maana yake ya kwanza ni kunyunyiza.) Ninachodai ni kwamba wachimbaji wadogo hawakuliazima tu neno hili. Wamelipa maana wanayoihitaji wao, na maana hiyo inastahili heshima.

Kiingereza nacho kililiazima. Lilikiingia yapata karne ya 14 kutoka Kifaransa cha kale, ambako kitenzi ruser kilimaanisha kurudisha nyuma, na mzizi wake wa mbali ni recusare la Kilatini, yaani kukataa. Kwamba neno la kufukuza limeishia kuwa la kukimbilia si ajabu kwa Mswahili: kukimbia jambo na kukimbilia jambo kwetu ni shina moja, na kimbilio ni mahali pa mtu aliyekimbia kitu. Mkulima wa Shinyanga anayeliacha shamba la pamba bei inapoanguka, akashika njia ya machimboni, anafanya yote mawili kwa safari moja. Dhahabu ilipoonekana California Januari 1848 na watu wakamiminika huko kwa maelfu, kitenzi kile kikashikamana na madini, na kutoka hapo kikaenea duniani pamoja na wachimbaji.

Huku kwetu mambo yenyewe yametangulia neno. Mgodi wa Geita ulichimbwa tangu miaka ya 1930 hadi 1966. John Williamson alipata almasi Mwadui mwaka 1940. Hiyo ilikuwa migodi ya wenye mitaji. Machimbo ya dhahabu ya Bulyanhulu ni habari nyingine: wachimbaji wadogo walijaa pale kwa maelfu, wakajenga makazi na biashara, hadi walipoondolewa mwaka 1996. Pahali pa namna hiyo panahitaji jina, na "kukimbia" hakutoshi, kwa sababu mtu akishafika hakimbii tena. Anachimba, anapika, anauza, anaoa.

Watetezi wa Kiswahili sanifu watasema jina lipo: mfumuko, neno linalotumiwa na maofisa wa madini. Ni neno zuri, la Kibantu, na sina ugomvi na usanifu wake. Lakini mfumuko tunaujua kwenye bei, na kinachofumuka ni mshono. Ni neno la anayetazama kutoka nje, akiona kitu kilichoachia na kinachotakiwa kudhibitiwa. Rashi ni neno la aliye ndani.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba rashi kweli ni vurugu: maduara huporomoka, zebaki huchafua maji, watoto huacha shule. Hayo ni kweli, na kulipenda neno si kuyafumbia macho. Hata hivyo, vurugu tupu haina mgawo. Rashi ina mwenye eneo, mwenye duara na wachimbaji, na mawe yakitoka hugawanywa kwa mifuko kwa mafungu wanayoyajua wote. Anayeita hali hiyo mfumuko tu ataleta askari kwanza. Anayejua kuwa ni jamii yenye kanuni ataanza na matimba (nguzo za kuzuia maduara yasiporomoke) imara, leseni na elimu ya zebaki.

Kwa hiyo watunga kamusi waliandike neno rashi kama linavyosemwa Geita, Kahama na Ngokolo: nomino, mahali palipogunduliwa madini karibuni, pamoja na watu wake.