Nani Alituambia Mkebe Ni Sufuria?

Wasee, kuna picha ambayo kila mtu ameiona kwa filamu. Kaboi ameketi kando ya moto usiku, mkebe wa maharagwe uko juu ya makaa, anakula na kijiko humo humo ndani. Inakaa poa sana. Siku hizi naona video za watu wa campo wakifanya hivyo hivyo kwa meko: mkebe juu ya moto wa gesi, hakuna sufuria ya kuosha. Mimi chuo niliacha, lakini historia sikuacha kusoma. Na historia ya huu mkebe inaonyesha kwamba wa kwanza kulipukiwa na hivi vitu walikuwa wenye viwanda wenyewe.

Wazo lenyewe lilianzia Ufaransa. Serikali ilikuwa vitani na ilihitaji njia ya kuhifadhi chakula cha wanajeshi. Nicolas Appert, jamaa wa kutengeneza peremende, akawa anatia chakula kwa chupa za glasi, anafunga na kizibo, anazichemsha ndani ya maji. Serikali ilimlipa faranga 12,000 mwaka wa 1810. Alijua inafanya kazi lakini kwa nini inafanya kazi hakujua, maana Louis Pasteur na mambo yake ya vijidudu alikuwa hata hajazaliwa.

Mwaka huo huo wa 1810 Peter Durand akasajili kule Uingereza wazo la kutumia mikebe ya chuma iliyopakwa bati, na kufikia 1813 Bryan Donkin na John Hall walikuwa na kiwanda London. Ile mikebe ilikuwa mizito, inafunguliwa kwa nyundo na patasi. Kifungulio chenyewe kilikuja miaka ya 1850. Yaani zaidi ya miaka 40 watu wana mkebe na hawana cha kuufungulia, manze.

Viungo vya ile mikebe vilizibwa kwa madini ya risasi, na risasi ni sumu. Mwaka wa 1845 John Franklin alitoka Uingereza na meli mbili kuelekea barafu ya kaskazini mwa Kanada akiwa na maelfu ya mikebe. Watu 129 hawakurudi. Miili ya mabaharia watatu ilifukuliwa miaka ya 1980, ikapatikana na risasi nyingi. Wataalamu bado wanabishana kama ilitoka kwa mikebe au kwingine. Lakini ukiona mkebe wa zamani juu ya moto kwa filamu, kumbuka vile viungo vilizibwa kwa risasi.

Sasa hii ya kulipuka. Kuchemsha mikebe kwa maji ya kawaida kulichukua masaa mengi, kwa sababu maji hayapiti digrii 100. Kule Baltimore, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1860, Isaac Solomon akaanza kuongeza chumvi ya kalsiamu kwa maji ili moto upite digrii 115. Kazi ikaenda mbio. Shida ni kwamba mikebe ilianza kupasuka. Maji yaliyo ndani yanataka kuwa mvuke, na lita moja ya maji ikigeuka mvuke inataka nafasi ya kama lita 1,700. Ndani ya mkebe uliofungwa hiyo nafasi iko wapi? Haiko. Kwa hivyo presha inapanda tu.

Dawa ilipatikana 1874, Baltimore hapo hapo. A. K. Shriver alitengeneza chombo kikubwa kinachofungwa kama presha kuka, mvuke unasukuma mkebe kutoka nje wakati ndani nako kunasukuma. Nguvu mbili zinashikana, mkebe unabaki mzima. Viwanda vinatumia njia hiyo hadi leo, kama digrii 121, ili kuua kile kijidudu cha sumu ya botulini.

Ukiweka mkebe uliofungwa kwa meko, ile nguvu ya nje haipo. Ndani kukifika digrii 134 hivi, presha ni karibu ile ya tairi la gari ndogo, na huwezi kujua imefika wapi kwa kuangalia. Jirani yangu mmoja wa hosteli alijua wakati maharagwe yalifika kwa dari. Mkono wake ulichubuka hadi kwa kiwiko, na alikuwa ameinama tu kuzima moto.

Hata jeshi lilipotaka mkebe wa kujipasha wenyewe halikusahau hii. Mwaka wa 1944 wanajeshi wa Uingereza walipewa supu ya Heinz yenye bomba la baruti katikati, unawasha na sigara. Sheria ya kwanza ilikuwa kutoboa matundu juu ya mkebe. Waliosahau, supu iliwarukia.

Najua kuna mtu anasema, "Mimi nafungua kwanza." Sawa, huo hautalipuka. Lakini mkebe wa leo si ule wa kaboi. Ndani una utando mwembamba wa aina ya plastiki unaozuia chakula kugusana na chuma. Mingi ilikuwa inatengenezwa kwa BPA, kemikali ambayo Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku kwa vyombo vya chakula Desemba 2024, ingawa viwanda vilipewa muda wa kubadilisha. Penye mchuzi, maji yanapoza ukuta. Juu ya mchuzi, na chini pale maharagwe yameshika, hakuna kinachopoza, na moto wa gesi unapita digrii 1,000. Huo utando haukutengenezewa hapo.

Kinachonishangaza ni kwamba chakula cha mkebe kimeshapikwa, ndani ya lile chombo la presha. Maharagwe unaweza kula baridi. Ukitaka moto na sufuria iko chafu, chemsha maji kwa birika, mwaga kwa beseni, fungua mkebe, uusimamishe humo dakika kumi huku ukikoroga. Na kama umevimba kabla hata hujauwasha moto, usiufungue, tupa.