Mwenye Nguvu Mpishe? Mzozo wa Bahari ya China Kusini

Mimi ni Mrundi, nimekulia kando ya Ziwa Tanganyika, mbali na bahari. Tulipoanza kusoma historia ya Bahari ya China Kusini, nilitazama ramani nikashangaa. Pande sita, yaani China, Taiwan, Vietnam, Ufilipino, Malaysia na Brunei, zinagombania visiwa vidogo, miamba na vipwa ambavyo vingine hutoweka kabisa maji yanapojaa. Nilijiuliza: kwa nini watu wafe kwa ajili ya mawe? Baada ya kusoma zaidi nimeelewa kwamba mwamba ni kisingizio tu. Kinachogombaniwa ni maji yanayouzunguka: samaki wake, mafuta na gesi iliyo chini yake, na njia kubwa ya meli inayopita hapo. Katika insha hii nitaeleza jinsi China ilivyosogea hatua kwa hatua, na kwa nini majirani zake wadogo walishindwa kuizuia.

Kwanza tutazame madai yenyewe. Mwaka 1947 serikali ya Chiang Kai-shek ilichapisha ramani yenye vistari kumi na moja vilivyozunguka sehemu kubwa ya bahari hiyo. Wakomunisti waliposhika madaraka mwaka 1949 waliirithi ramani hiyo, na baadaye wakafuta vistari viwili. Mwaka 2009 China iliambatanisha ramani ya vistari tisa na barua yake kwa Umoja wa Mataifa. Ni haki kuisikiliza China pia. Japani iliviteka visiwa hivyo wakati wa vita, na wavuvi wa Hainan walikuwa wakivua huko kwa vizazi. Kwa Wachina wengi, kuvirudisha ni kufuta aibu ya karne nzima ya kuonewa na mataifa ya nje. Lakini wavuvi wa Vietnam na Ufilipino nao walivua katika maji hayohayo.

Hatua ya kwanza kubwa ilikuwa ya mwaka 1974. Mwaka mmoja kabla, Marekani ilikuwa imeondoa majeshi yake Vietnam Kusini baada ya Mkataba wa Paris. Tarehe 19 Januari 1974 manowari za China zilipigana na za Vietnam Kusini katika Visiwa vya Paracel. Wanamaji zaidi ya 70 wa Vietnam Kusini waliuawa, Marekani haikuingilia, na China ikavishika visiwa vyote.

Hatua ya pili ilikuwa tarehe 14 Machi 1988, katika mwamba wa Johnson Kusini, kwenye Visiwa vya Spratly. Wanajeshi wa Vietnam walisimama ndani ya maji juu ya mwamba, wakiilinda bendera yao, wakapigwa risasi kutoka kwenye meli za China. Walikufa 64. Vietnam ilikuwa rafiki wa Umoja wa Kisovieti, ambao ulikuwa na kambi ya wanamaji Cam Ranh. Lakini wakati huo Gorbachev alikuwa akitafuta kupatana na China, na msaada haukuja.

Hatua ya tatu iliwafikia Wafilipino. Mwaka 1991 Seneti yao ilikataa mkataba mpya wa kambi za Marekani, na mwishoni mwa 1992 Wamarekani wakaondoka Subic. Mapema mwaka 1995 Ufilipino iligundua kwamba China imejenga vibanda juu ya mwamba wa Mischief. China ilisema ni makimbilio ya wavuvi. Leo hapo pana kiwanja cha ndege.

Methali yasema fahali wawili wakipigana, ziumiazo nyasi. Katika historia hii naona jambo jingine: nyasi ziliumia fahali mmoja alipoondoka. Hata hivyo, sisemi kwamba hiyo ndiyo sababu pekee. Mwaka 2012, katika mwamba wa Scarborough, Ufilipino ilikuwa bado na mkataba wa ulinzi na Marekani, lakini ilipoteza. Safari hii China haikupiga risasi. Ilileta meli za doria na boti za uvuvi, ikakaa. Meli za Ufilipino zilipoondoka mwezi Juni, za China zilibaki.

Majirani wadogo pia hawakusaidiana. Nao wanagombana wenyewe kwa wenyewe juu ya miamba hiyohiyo. Mwezi Julai 2012, mawaziri wa mambo ya nje wa ASEAN walikutana Phnom Penh, wakashindwa kutoa tamko la pamoja kwa mara ya kwanza katika miaka 45 ya jumuiya yao, kwa sababu hawakukubaliana kuhusu bahari hii.

Ufilipino ikabaki na silaha moja: sheria. Mwezi Januari 2013 iliishtaki China kwa kutumia Mkataba wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982, ambao unaipa kila nchi ya pwani haki ya kiuchumi hadi maili 200 za baharini. Wazo hilo lina mizizi kwetu: mwaka 1972 Kenya ndiyo iliyopeleka rasimu yake kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa. Na mwenyekiti wa jopo lililosikiliza kesi hiyo alikuwa Mghana, Thomas Mensah. Tarehe 12 Julai 2016 jopo liliamua kwamba madai ya China ya haki za kihistoria ndani ya vistari tisa hayana msingi wa kisheria. Halikuamua miamba ni ya nani. China haikushiriki, na iliukataa uamuzi. Hadi miaka ya karibuni boti za Wafilipino zimeendelea kufukuzwa Scarborough kwa mizinga ya maji.

Je, sheria haina maana basi? Nilitaka kujibu hivyo, lakini nilikumbuka jambo lililo karibu nasi. Tarehe 12 Oktoba 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua mpaka wa bahari kati ya Somalia na Kenya, na Kenya iliukataa uamuzi huo. Nchi ileile iliyosaidia kuitunga sheria iliikataa iliposhindwa. Kwa hiyo ugonjwa huu si wa China peke yake.

Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe. Kwa maoni yangu, historia hii inaonyesha gharama ya kumpisha: ukimwachia mwamba mmoja, baada ya miaka michache atakuwa kwenye mwingine. Sheria ndiyo ngao ya wadogo, lakini ngao hiyo inatobolewa na kila nchi, kubwa au ndogo, inayoiheshimu siku ya kushinda tu.